Chombo Kipo, Utakipandaje?

Nyaramba, kwetu sisi Abagusii wa Kenya, ni nchi ya milima na majani chai. Maji ya huku ni mvua ya alasiri na vijito vya bondeni, na mzee anaweza kutimiza miaka sabini bila kukanyaga ndani ya chombo chochote cha majini. Ila watoto wa Nyaramba hawakai wote Nyaramba. Wako Kisumu, wako Mombasa, wako Minnesota, jimbo la Marekani ambako Abagusii ni wengi. Wakishajipata kidogo huwaita wazazi: mama aje aone bahari, baba apande feri, na siku hizi hata wote wawili wapelekwe matembezi ya wiki nzima katika meli ya kitalii. Tiketi hununuliwa, picha za meli hutumwa kwenye simu, jamaa wote hufurahi. Magoti ya mama hayaulizwi.

Makala haya ni ya mama huyo. Ni ya baba aliyepata kiharusi akapona nusu, ya kijana aliyeugua polio utotoni, na ya yeyote anayetembea kwa gongo au kwa kiti cha magurudumu na bado ana hamu ya kusafiri. Hamu hiyo ni halali. Wengi wao huambiwa wabaki nyumbani kwa sababu jamaa wanaona taabu kuwapangia, na taabu yenyewe mara nyingi ni ya simu tatu tu ambazo hazikupigwa.

Watu wakipanga safari ya majini huuliza nauli, chakula na ukubwa wa chombo. Kwa mtu asiyetembea vyema, maswali hayo yanaweza kungoja. La kwanza ni hili: nitatokaje nchi kavu hadi ndani ya chombo, na nitashukaje? Meli inaweza kuwa na lifti kumi na bwawa la kuogelea, lakini kama kuifikia ni kupitia ngazi nyembamba inayoyumba, lifti hizo hazitakufaa kitu.

Lakini kabla ya gati kuna kilima cha nyumbani. Udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza, na kiti cha magurudumu hukwama kabla ya kufika barabarani. Kawaida ya huku ni mgonjwa kupakiwa pikipiki, katikati ya dereva na kijana wa kumshikilia. Kwa aliyepooza upande mmoja jambo hilo ni la hatari. Mguu usio na hisia unaweza kulalia bomba la moshi ukaungua, mwenyewe asijue hadi jioni anapovuliwa kiatu. Heri kukodi gari dogo la Probox lije hadi mlangoni. Kiti chake hakiko juu sana, na namna nzuri ya kuingia ni kugeuza mgongo, kuketi kwanza, kisha kuingiza miguu mmoja baada ya mwingine. Kwenye basi kubwa la Nairobi, kata tiketi mapema, omba kiti cha safu ya mbele, na umweleze karani wa Sacco ya mabasi hali ilivyo ukiwa bado ofisini. Usingoje uelewane na makanga mlangoni huku abiria wanakusukuma.

Anayeelekea pwani asijaribu kuunganisha safari yote kwa pumzi moja. Lala Nairobi. Treni ya Madaraka Express, iliyoanza 2017, hukupa nafasi ya kunyoosha miguu na kwenda msalani bila kumwomba dereva asimame. Tangu Januari 2024 nauli yake ya kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500, na daraja la kwanza 4,500. Kwa mwenye magoti mabovu nafasi ya daraja la kwanza si anasa.

Maji makubwa yaliyo karibu nasi ni Ziwa Victoria, na hapo ndipo wengi wangefaa kuanzia. Feri inayovuka kati ya Mbita na Luanda K'Otieno hubeba magari, na chombo kinachobeba magari hakina budi kuwa na mlango mpana na sakafu ya kupitisha magurudumu. Pagumu ni kwenye mashua za visiwani. Katika fuo nyingi hakuna gati. Mashua husimama pale maji yanapofika magotini, na vijana hubeba abiria mgongoni kwa malipo kidogo. Mtu mzima anayebebwa hivyo mbele ya umati huona haya, na ni haki yake kusema anavyotaka kubebwa. Aliyepooza mkono asibebwe mgongoni kabisa, kwa kuwa hawezi kujishikilia. Na asivutwe kwa mkono ule uliolegea, maana bega la namna hiyo huteguka kwa urahisi. Njia iliyo salama zaidi ni kiti cha plastiki chenye mikono: mtu anaketi ufuoni, vijana wawili wenye nguvu wanakinyanyua mmoja huku, mmoja kule, na wa tatu anashika mashua isisogee. Kubalianeni bei na hatua zote kabla hajanyanyuliwa. Na anayebebwa ndiye atoe amri ya "sasa".

Usitegemee kumbukumbu za miaka iliyopita kuhusu ufuo. Mei 2020 ziwa lilijaa kupita rekodi ya 1964, na sehemu nyingi za kutia nanga zikafunikwa na maji. Mpigie mtu aliye pale leo akueleze maji yamefika wapi. Safiri asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa ziwani hupanda na mawimbi huongezeka.

Kuna jambo moja la usalama ambalo watu wema hulikosea kwa nia njema. Katika mashua ndogo, usimfunge mtu kwenye kiti chake cha magurudumu. Mkanda unaomsaidia barabarani utamzamisha majini, kwa sababu mashua ikipinduka kiti cha chuma huenda chini na aliyefungwa huenda nacho. Mvishe jaketi la kuokolea maisha akiwa bado nchi kavu, mketishe kwenye ubao wa mashua katikati, mahali ambapo mtikisiko ni mdogo, na kiti kikunjwe kifungwe kando peke yake. Nahodha akisema majaketi hayatoshi, ngoja mashua nyingine.

Pwani nako kuna somo ambalo sisi wa milimani hatukulelewa nalo, nalo ni kupwa na kujaa kwa bahari. Mombasa maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyopwa hupita mita tatu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana. Mpita njia mwenye miguu mizima anaweza asilitambue hilo kamwe. Kwa mwenye kiti cha magurudumu ndilo linaloamua kila kitu, kwa sababu gati halisogei ila chombo hupanda na kushuka na maji. Bahari ikijaa, daraja la kupandia hulala karibu sawa. Ikipwa, mteremko unakuwa mkali, na ile sehemu ya saruji iliyokuwa chini ya maji hubaki na utelezi wa mwani.

Likoni, kivuko cha feri cha Mombasa, utaliona hilo wazi. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, na kuvuka kwenyewe ni kwa dakika chache. Kazi ni ule mteremko na umati. Nenda maji yakiwa yamejaa nusu au zaidi. Kaa kando hadi mkondo wa watu upungue, kisha mwombe mhudumu akupitishe. Anayesukuma kiti kwenye mteremko mkali ageuke, ashuke kinyumenyume, yeye akiwa upande wa chini na mgongo wa kiti ukimwelekea, ili kikiteleza kimkute yeye badala ya kumtupa mgonjwa mbele. Pale ulimi wa chuma wa feri unapokutana na saruji pana ukingo, na magurudumu madogo ya mbele hunasa hapo. Kiinamishe kiti nyuma, yainuke, uyavushe, ndipo ushushe polepole. Sekunde kumi za utulivu mahali hapo ni bora kuliko msaada wa watu wanne wanaovuta kila mmoja upande wake.

Wengine huona afadhali mgonjwa abaki ndani ya gari. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri hapo Likoni, na mama na mtoto wake wakafa wakiwa ndani. Kama hakuna budi kubaki garini, breki ya mkono ivutwe, vioo viwe wazi, milango isifungwe kwa ndani, mkanda ufunguliwe, na dereva asitoke. Tena si lazima kupita Likoni. Stesheni ya treni iko Miritini, na kutoka upande huo barabara ya Dongo Kundu inakwenda hadi pwani ya kusini bila kuvuka kwa feri. Gari likikupokea stesheni unaweza kufika Diani hujaona mteremko hata mmoja wa gati. Naona ajabu kwamba watu wanaowapokea wazazi wao huko hawalifikirii hili mapema.

Lamu ni ngumu zaidi, na sitamficha msomaji. Uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda, mtu huvuka kwa boti, na magati ya mjini yana ngazi za mawe. Vichochoro ni vyembamba, na usafiri wa mji huo ni punda. Anayeweza kupanda vidaraja vichache kwa kushikwa mkono atafurahia Lamu, mradi nahodha aulizwe saa ya maji kujaa na safari ipangwe kwa saa hiyo. Asiyeweza kabisa kusimama atafute mwenyeji wa kuaminika kwanza, la sivyo abaki Mombasa.

Hapo Mombasa asikose kufika Bombolulu, karakana zilizoanzishwa 1969, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza vito, nguo na vinyago kwa mikono yao. Shirika mama ni APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya, lililoanzishwa 1958, na linajulikana kwa kutengeneza viti vya magurudumu. Lina tawi Port Reitz, kwa hiyo kiti kikivunjika pwani kuna pa kukimbilia. Kila jioni pia kisuuze kiti kwa maji baridi. Chumvi hula beringi kwa siku chache tu.

Sasa ile meli kubwa ambayo kijana wa Minnesota ameiona kwenye tangazo. Vyumba vilivyotengenezwa kwa watu wa viti vya magurudumu, vyenye mlango mpana na bafu lisilo na kizingiti, huwa vichache katika kila meli na huisha miezi mingi kabla. Chumba cha kawaida, mlango wake waweza kuwa mwembamba kuliko kiti. Uliza pia kila bandari: je, meli inafunga gatini au inatia nanga nje na kushusha watu kwa boti ndogo? George Town, katika visiwa vya Cayman, ni miongoni mwa zile za boti, na mwenye kiti kizito cha umeme huenda akaambiwa abaki melini. Mwana aliyelipia safari ya bandari nne asije akagundua huko majini kwamba mama atashuka moja tu.

Uliza mpango wa dharura nao. King'ora kikilia lifti huzimwa, kwa hiyo jina la mama liwe kwenye orodha ya wanaohitaji kusaidiwa ngazini, na hilo lifanywe siku ya kwanza kabla meli haijang'oa nanga.

Sheria ziko upande wake. Juni 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line, iliamua kwamba sheria ya nchi hiyo ya 1990 kuhusu watu wenye ulemavu inaweza kuzihusu hata meli zenye bendera za kigeni zikiwa katika maji ya Marekani, ingawa si katika kila jambo. Ulaya ina kanuni nambari 1177 ya 2010 inayowapa abiria hao msaada wa bure bandarini wakitoa taarifa saa 48 kabla. Kwetu, ibara ya 54 ya Katiba inawapa watu wenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma, na sheria mpya ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Anayestahili ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kabla ya kusafiri.

Kwenye ndege, kiti cha magurudumu cha uwanjani huombwa wakati wa kukata tiketi, na hakilipiwi. Mama wengi hukikataa. Husema wao si viwete, kisha hutembea ukumbi mrefu kama kilomita na kufika mlangoni wakihema. Mtoto amweleze mzazi kwa heshima, mapema, wakiwa nyumbani, kwamba kukikalia kiti hicho ni kuyawekea magoti akiba ya siku zijazo za safari.

Kwa hiyo ndugu uliye Mombasa au Minnesota, kabla hujalipa chochote mpigie mama simu. Muulize anaweza kupanda vidaraja vingapi bila kushikwa, anaweza kusimama kwa muda gani, na usiku huamka mara ngapi kwenda msalani. Andika majibu yake, kisha umsomee wakala wa tiketi neno kwa neno. Asipokuwa na jibu la kila moja, usimpe pesa.