Mashimo ya Husuni Kubwa na kanuni zisizoandikwa

Kilwa Kisiwani, juu ya genge linalotazama bahari, yamesimama magofu ya Husuni Kubwa, kasri lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Kwenye magofu hayo, penye birika la pembe nane na nyua za chini, kuna pia vishimo vilivyochongwa kwa safu katika jiwe la matumbawe. Mtu wa pwani haambiwi ni kitu gani. Ni bao. Kilichopotea ni kanuni: waliokaa pale wakapanga kete zao, walikula vipi, walilala lini, na mshindi alijulikanaje?

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifia sana ukarimu wa sultani, lakini habari za mchezo hakuandika. Historia ya kale ya Kilwa nayo inataja watawala na ugomvi wao, si burudani zao barazani. Hata umri wa vishimo vyenyewe ni shida. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1974, aliweza kukadiria umri wa majengo kwa sarafu na vigae vya China vilivyofukiwa ardhini. Lakini tundu lililo wazi juu ya jiwe halina tabaka la udongo wa kulishuhudia. Huenda lilichongwa na askari wa sultani, huenda na mvuvi aliyejipumzisha pale karne nyingi baada ya kasri kuhamwa.

Shida hii si ya Kilwa peke yake. Mwaka 1283 Mfalme Alfonso wa Kumi wa Castile aliandikisha kitabu cha michezo, na ndani yake mna sataranji kubwa ya miraba 12 kwa 12, yenye simba, mamba na twiga. Maelezo yapo, picha ipo, na bado wasomaji wa baadaye walibishana jinsi baadhi ya wanyama hao wanavyotembea. Huko Iraki, Leonard Woolley alifukua mbao za mchezo katika makaburi ya Ur miaka ya 1920, zenye umri wa miaka ipatayo 4,500. Kanuni zilikuja kusomwa na Irving Finkel wa Makumbusho ya Uingereza kwenye kibao cha udongo cha Babeli, kilichoandikwa karibu mwaka 177 kabla ya Kristo. Hesabu miaka iliyopo kati ya ubao na kibao: inazidi 2,000. Alichokipata Finkel ni jinsi Wababeli wa mwisho walivyocheza. Watu wa Ur huenda walicheza vingine kabisa.

Kwa bao, hata kibao cha namna hiyo hatuna. Tunacho kitu kingine, na pengine ni bora zaidi: mchezo haujafa.

Tazama bao la Kiswahili linavyoanza. Mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane, na kete ni 64, kila mchezaji 32. Kete zenyewe ni komwe, mbegu za kijivu, ngumu, za mmea wenye miiba unaotambaa kando ya fukwe zetu. Mchezaji huweka kete sita kwenye nyumba, shimo ambalo mara nyingi huchongwa la mraba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Zinazobaki 22 hukaa mkononi. Hapo ndipo kunamua kunapoanza: anatia kete moja katika shimo la mbele lisilo tupu, na ikiwa shimo la mpinzani linalolikabili lina kete, anazila na kuzisambaza upande wake kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho wa safu ya mbele. Kete ya mwisho ikiangukia penye kitu, anaendelea. Ikiangukia patupu, amelala. Kete za mkononi zikiisha, mchezo unaingia kwenye hatua ya pili, mtaji, na anayemalizwa safu ya mbele amefungwa.

Sasa vuka ziwa uende Buganda. Omweso una mashimo 32 yale yale na kete 64 zile zile. M. B. Nsimbi aliuandikia kitabu mwaka 1968. Lakini hauna nyumba, hauna kunamua, mchezaji hupanga kete zake 32 apendavyo, na kula kunataka mashimo yote mawili ya mpinzani yanayokabiliana na lako, la mbele na la nyuma, yawe na kete. Ubao ni mmoja, mchezo ni mwingine. Hivyo mtu akihesabu mashimo ya jiwe akasema amejua lililochezwa, amekimbilia hitimisho. Anachoweza kutafuta ni dalili ndogo: je, kuna shimo moja la mraba au kubwa kuliko mengine? Safu ni nne au mbili? Mashimo ya kila safu ni manane au saba, kama kwenye hawalis ya Oman, ambayo ina mashimo 28?

Njia iliyobaki ni kuwalinganisha ndugu wa mchezo huu waliotawanyika. Malawi wanacheza bawo, lenye hatua ya kunamua kama letu, na hilo si la kushangaza ukikumbuka misafara ya Wayao iliyoshusha pembe za ndovu kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje. Visiwa vya Komoro wana mraha. Madagaska, Mfaransa Étienne de Flacourt alieleza fifanga, mchezo wa mbegu na mashimo, katika kitabu chake cha mwaka 1658. Mwaka 1995 mtafiti Alex de Voogt alitoa tasnifu yake huko Leiden kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar.

Ukiyaweka pamoja, jambo moja linajitokeza. Bao la kujifunza, lile wanaloanzia watoto, hupangwa kete mbili mbili kila shimo, na halina kunamua. Hawalis nayo huanza hivyo hivyo. Inaelekea basi kwamba mwanzo huu mwepesi ni wa zamani, na kwamba nyumba na kunamua viliongezwa baadaye na mafundi wa pwani waliotaka mchezo mgumu zaidi. Tahadhari inahitajika, kwa sababu Oman na Zanzibar zilikuwa chini ya dola moja katika karne ya 19, na kanuni husafiri na jahazi kwenda na kurudi. Hata hivyo dhana hii ina uzito kuliko kukisia mbele ya jiwe.

Ushahidi wa kuipima uko kwa wazee wa Kilwa Masoko, Kivinje, Lindi na vijiji vya kati, ambao walifundishwa bao na babu zao na hawakuwahi kuulizwa. Ewe msomaji uliye na mzee wa namna hiyo nyumbani, kaa naye na simu ya kurekodi. Muulize walianza na kete ngapi mkononi, nyumba huvunjwa lini, kete huanzia wapi baada ya kula, na kama watoto walikuwa na bao lao. Andika jina la kijiji na la aliyemfundisha, na nakala uiweke kwenye shule ya kijiji kabla mzee hajaondoka.