Mstari wa asilimia hula muda kiasi gani?

Basi la Iringa kwenda Mbeya likisimama kila kilomita ili kondakta atangaze lilipofika, abiria watachelewa. Kutangaza Mafinga, Makambako na Igawa kunatosha. Programu ya kompyuta nayo, kila inapochora upya mstari wa asilimia, huacha kidogo kazi yenyewe.

Mwaka 2016 watumiaji wa npm, inayosakinisha vifurushi vya JavaScript, walipima: mstari ukizimwa, baadhi walimaliza kwa karibu nusu ya muda. Mstari wa tqdm wa Python hugharimu takribani nanosekunde 60 tu kwa hatua, kwani hauchorwi kila hatua.

Pima mwenyewe: endesha kazi ileile mara kadhaa, mstari ukiwepo na usipokuwepo, ulinganishe muda. Hata hivyo hatushauri kuuondoa kabisa. Asiyeona kitu kikisogea hudhani mashine imekwama, akaizima kazi ikiwa katikati.