Vyumba Vinne, LUKU Moja

Saa moja usiku taa zinazimika na sabufa ya chumba cha mwisho inanyamaza katikati ya wimbo. Mtu anachungulia dirishani: kwa jirani kunawaka. Basi umeme haujakatika, LUKU imeisha. Milango inafunguliwa mmoja baada ya mwingine, na swali linalotoka uani ndilo lile la kila mwezi kwenye nyumba za kupanga za Kasulu: zamu ya nani kununua?

Hadi 2022 Kasulu na Kibondo zilitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka huo laini kutoka Nyakanazi ikaziunganisha na gridi ya Taifa, majenereta yakazimwa. Umeme wa gridi humpa mtu moyo wa kununua friji. Na friji ikishaingia chumba kimoja, ule utaratibu wa kila mlango kutoa kiasi sawa huanza kuumiza wengine.

Tuchukue nyumba ya vyumba vinne. Cha kwanza anakaa kijana mwenye balbu moja na simu. Kwa mwezi hamalizi zaidi ya uniti 2. Cha pili kina balbu, simu na televisheni ya wati 50 inayowaka saa sita kwa siku: uniti 11. Cha tatu kina hivyo vyote pamoja na hita, ile ya kuzamisha kwenye ndoo. Asubuhi za nyanda hizi zina baridi yake, wala hakuna wa kumlaumu anayepasha maji ya kuoga. Ila hita ya wati 1,500 ikikaa ndooni dakika 20 imekula nusu uniti, na mwezi ukiisha ni uniti 15. Chumba hicho kinafika 26. Cha nne hakina hita, lakini friji yake inakula kama uniti moja kwa siku. Ukijumlisha na televisheni na balbu, ni 41.

Jumla ni uniti 80. Katika daraja la T1, uniti moja ni shilingi 292. Ikiongezwa VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, inafika kama shilingi 356. Nyumba nzima inadaiwa karibu 28,500. Wakigawana sawa, kila mlango unatoa 7,125. Yule kijana wa balbu moja ametumia umeme wa shilingi 712.

Hesabu yenyewe haihitaji fundi. Wati zimeandikwa kwenye kibandiko cha chombo. Zidisha kwa saa kinazowaka, gawa kwa 1,000, umepata uniti. Ajabu ni kwamba ugomvi mwingi huwa juu ya vitu vidogo. Mpangaji atasemwa kwa kuacha simu kwenye chaji usiku kucha, na simu hiyo mwezi mzima haifikishi uniti moja. Hita inafikisha kwa ndoo mbili.

Wasioaminiana kwa hesabu za mdomo hufunga mita ndogo kwenye laini ya kila chumba, wakazisoma pamoja tarehe moja. Taa ya uani na ya choo hubaki za wote, na hizo ndizo za kugawana sawa.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo mita ndogo haiwezi kulirekebisha. Kaya isiyovuka uniti 75 kwa mwezi inaweza kuwa daraja la D1, ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Pamoja na hizo, uniti 75 zote zinagharimu 9,150. Ikivuka, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya kodi na tozo. Katika nyumba yetu hakuna chumba kinachokaribia 75 peke yake. Lakini TANESCO inaona mita moja iliyotumia 80, na matumizi yakizoea kuvuka, mita huhamishiwa T1. Kwa hiyo kijana wa balbu moja, hata akigawiwa kwa haki kabisa, analipa 356 kwa uniti ambayo angeipata kwa 122 angekuwa na LUKU yake.

Halafu kuna kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na 2023 ikapanda hadi 1,500. Mdaiwa ni mwenye nyumba, lakini makato yanamkuta anayenunua wa kwanza mwezi ukianza. Mpangaji anayetunza ujumbe wa ununuzi kwenye simu anaweza kwenda kwa mama mwenye nyumba na kumwambia, “Mama, shikamoo, hii 1,500 naomba tuipunguze kwenye kodi ya chumba.” Kwa mwaka ni 18,000. Aliyefuta ujumbe anabaki kueleza kwa mdomo.