Mtoto Asiyekula Nyama: Tusihesabu Protini Peke Yake

Mzazi anayeamua kumlea mtoto bila nyama huulizwa kwanza: protini ataipata wapi? Hesabu yenyewe haitishi. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 huhitaji takriban gramu 11 za protini kwa siku, na wa mwaka 1 hadi 3 gramu 13 hivi. Kwa aliyetimiza mwaka, kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina gramu zipatazo 8, na nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina 7. Hapo kiwango kimeshapita, na bado hatujahesabu nafaka wala maziwa ya mama, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri yaendelee hadi miaka 2 au zaidi.

Wapo wanaosema protini ya mimea ni pungufu. Ni kweli ikiwa mtoto anakula mmea wa aina moja. Mahindi yana uhaba wa lisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga mwili. Maharage, kunde, choroko na dengu zina lisini tele, ila hupungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Ndiyo maana makande ya Tanzania na githeri ya Kenya ni chakula kamili kuliko ugali mtupu. Kwa mtoto, maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yapikwe hadi yalainike kabisa, kisha yapondwe. Karanga zisagwe, maana nzima humkaba, na zenye ukungu zitupwe kwa hofu ya sumukuvu.

Kinachowaponza watoto wengi ni uji mwepesi. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba mililita 240 hivi kwa mlo mmoja. Likijaa maji, chakula kinakosa nafasi. Nguvu zikipungua, mwili huichoma protini kama kuni badala ya kuitumia kujenga misuli, hivyo hata maharage aliyokula hupotea bure. Uji uwe mzito wa kukaa kijikoni bila kuchuruzika, utiwe karanga iliyosagwa au mafuta kidogo. Ukimshinda kumeza, unga kidogo wa kimea huulainisha bila kuongeza maji.

Hoja nzito zaidi ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023, unaotaka watoto wa miezi 6 hadi 23 wale nyama, samaki au mayai kila siku. Hoja hiyo haipuuziki, lakini uzito wake uko zaidi kwenye madini ya chuma, zinki na vitamini B12. Akiba ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huelekea kwisha akifika miezi 6, na chuma cha maharage hufyonzwa kwa shida. Chungwa au papai katika mlo huohuo husaidia, chai huzuia. B12 haimo katika mimea ya kawaida. Nyumba inayokubali mayai na maziwa ina njia ya kuipata. Isiyokubali lazima itumie vyakula vilivyoongezwa B12 au dawa ya nyongeza, na mama anayenyonyesha naye vilevile. Mzazi asiye tayari kwa hilo hajawa tayari kumnyima mtoto yai. Aliye tayari, na aende kliniki kuuliza habari za chuma na B12, uzito wa mtoto ukifuatiliwa kila mwezi.