Betri ya Moto Haichajiwi

Ukipita saiti yoyote ya ujenzi siku hizi, iwe Kigamboni, Kisauni au Kigali, utasikia drili na grinda zikilia bila waya hata mmoja kuvutwa. Fundi jipsamu anapanda ngazi na bisibisi ya betri kiunoni. Fundi aluminiamu anakata fremu kwenye jengo ambalo umeme bado haujafika. Mashine hizi zimerahisisha kazi kweli, lakini gharama yake imejificha mahali ambapo wengi hawapaangalii. Mashine yenyewe hudumu miaka mingi. Inayokufa mapema ni betri, na betri mbili pamoja na chaja yake mara nyingi hupita bei ya mashine tupu. Nyingi katika hizo zingeishi zaidi kama zisingeuliwa na joto, hasa joto la ile nusu saa baada ya betri kuchomolewa kwenye mashine, pale fundi mwenye haraka anapoipachika moja kwa moja kwenye chaja.

Tuanze na kilichomo ndani. Betri ya volti 18 ina seli tano, au kumi zilizofungwa mbilimbili. Kila seli ni mkebe mdogo wa chuma, na ile iliyozoeleka zaidi ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ndiyo maana huitwa 18650. Seli moja huhesabiwa kuwa na volti 3.6, na ikijaa hufika 4.2. Zidisha kwa tano upate 18, au 21 ikiwa imejaa. Kwa hiyo betri iliyoandikwa 18V, iliyoandikwa 20V MAX na iliyoandikwa 21V kwa kawaida zina nguvu ileile. Kila muuzaji ameandika namba iliyomfaa. Hata zile za bei ndogo zenye maandishi makubwa ya 48V au 88V, ukizifungua mara nyingi unakuta seli tano zilezile. Mwenye mizani ya dukani anaweza kuujua ukweli bila kufungua kitu. Seli ya 18650 ina gramu 45 hivi. Betri ya volti 18 inayojitangaza kuwa na Ah (ampea-saa) 6 huku uzito wake wote haufiki gramu 400 haiwezi kuwa na seli kumi ndani, na seli tano za 18650 haziwezi kubeba Ah 6.

Chaja nzuri hufanya kazi kwa hatua mbili. Mwanzo husukuma mkondo mkubwa usiobadilika hadi seli zifike volti 4.2, kisha huishikilia volti hiyo na kuuacha mkondo upungue polepole mpaka ukaribie kukatika, kama mtu anayejaza ndoo kwa bomba lililofunguliwa lote halafu akalipunguza maji yanapokaribia ukingo. Ndiyo sababu asilimia 80 za kwanza huingia upesi na zilizobaki huchukua muda. Chaja ya mkondo wa ampea 2 huhitaji zaidi kidogo ya saa mbili kuijaza betri ya Ah 4, na zipo chaja za haraka za ampea 9 zinazoijaza betri ya Ah 5 kwa dakika 45 hivi. Kasi hiyo ina faida kwa mwenye kazi nyingi, ila mkondo mkubwa ni joto zaidi. Kwa betri itakayochajiwa usiku au jioni, chaja ya polepole inatosha na ina huruma zaidi.

Sasa turudi kwenye hilo joto, maana hapa ndipo pesa zinapopotelea. Grinda inapokata chuma huvuta mkondo wa ampea 30 au zaidi. Mkondo huo unapopita ndani ya seli, sehemu yake hugeuka joto, na kiini cha seli huwa cha moto kuliko ganda unaloligusa. Ndani ya seli kuna utando mwembamba sana unaoikinga grafiti ya upande hasi. Joto likizidi, utando huo huharibika na kujijenga upya, na kila unapojijenga hula lithiamu iliyokuwa na kazi ya kubeba chaji. Lithiamu hiyo hairudi. Ukiichomeka betri kwenye chaja ikiwa bado ya moto, unaongeza joto la kuchaji juu ya joto la kazi, na unaongeza volti wakati uleule ambao kemia ya ndani imelegea. Fundi haoni chochote siku hiyo. Anaona baada ya miezi kadhaa, betri iliyokuwa ikikata mabomba ishirini sasa inakata manane.

Vitabu vya maelekezo vya watengenezaji wakubwa, Makita wakiwemo, vinasema betri ichajiwe mahali penye nyuzi 10 hadi 40 za Selsiasi, na betri ya moto iachwe ipoe kwanza. Chaja bora huwa na feni, na husoma kipimajoto kilichomo ndani ya betri. Ikiona joto limezidi, huwasha taa ya kusubiri na kukataa kuanza. Fundi asiyejua huichomoa na kuichomeka tena na tena, akidhani chaja imeharibika. Chaja hiyo inamlindia mali yake. Hatari iko kwenye chaja za bei nafuu zenye ncha mbili tu, chanya na hasi, ambazo hazina njia ya kujua joto la betri. Kwa hizo, kipimajoto ni mkono wako. Ishike betri kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono: ukihisi vuguvugu, iache kivulini nusu saa au zaidi. Usiitie kwenye friji wala usiimwagie maji, kwa sababu unyevu utaingia kwenye saketi.

Mwezi wa pili Dar es Salaam au Mombasa, chini ya bati, saa saba mchana, banda lenyewe limeshapita nyuzi 35 kabla hujaiwasha chaja. Chaji asubuhi na jioni. Ikilazimu mchana, itafute sehemu yenye kivuli na upepo, na chaja ikae juu ya saruji au vigae. Mafundi seremala hili liwaguse zaidi kuliko wengine wote. Chaja iliyowekwa juu ya meza yenye vumbi la mbao na maranda huvuta vumbi hilo kwenye matundu ya hewa, na ikipata hitilafu, kuni zake ziko tayari pembeni. Baridi ni tatizo la wachache wetu, lakini anayefanya kazi Makete au Njombe msimu wa jalidi ajue kwamba kuchaji betri iliyo karibu na nyuzi sifuri huifanya lithiamu igande juu ya grafiti badala ya kuingia ndani, na hayo ni madhara ya kudumu. Aiingize ndani ipate joto la chumba kwanza.

Kuna ushauri wa zamani ambao bado unatembea karakanani: kwamba betri mpya ichajiwe saa nane au kumi na mbili kabla ya kutumika, na kwamba isichajiwe tena mpaka iishe kabisa. Ushauri huo ulikuwa na mantiki kwa betri za nikeli na kadimiamu, zilizoendesha mashine za betri tangu Black & Decker walipotoa drili yao ya kwanza isiyo na waya mwaka 1961. Betri za lithiamu ziliingia sokoni kwa mkono wa Sony mwaka 1991, na kazi ya kuzivumbua iliwapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Hizi hazina kumbukumbu ya kuwafanya mzikaushe. Kuzimaliza kabisa kila siku kunazichosha, na kuziacha zimejaa wiki nzima kunazichosha pia. Zinapenda kukaa katikati. Ukisikia mashine imeanza kulegea, simama, badilisha betri. Usiendelee kubonyeza swichi ili umalizie skrubu mbili za mwisho.

Hili la kuhifadhi lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Seli ya lithiamu iliyojaa, ikakaa kwenye nyuzi 40, inaweza kupoteza takriban theluthi ya uwezo wake ndani ya mwaka bila kufanya kazi hata siku moja. Seli ileile ikiwa na chaji ya asilimia 40 kwenye nyuzi 25 hupoteza asilimia chache tu. Buti ya gari lililoegeshwa juani hupita nyuzi 50 kwa urahisi, na sanduku jeusi la vifaa juu ya paa la jengo vivyo hivyo. Kazi ikiisha kwa kipindi kirefu, iache betri kwenye taa mbili za chaji kati ya nne, itoe kwenye mashine, iweke ndani ya nyumba mahali pakavu, na uikague kila baada ya miezi michache. Ifunike mdomo kwa kifuniko chake. Msumari mmoja au nyuzi za chuma kutoka kwenye grinda zikigusa ncha zote mbili zitapiga shoti. Walio pwani wafute ncha mara kwa mara kwa kitambaa chenye spiriti, maana hewa ya chumvi hula shaba, na ncha iliyoliwa hupata moto kazini.

Kuhusu chaja kuna kosa moja linalorudiwa mno. Ndugu aliye Marekani analeta zawadi ya drili, au mtu ananunua mashine iliyotumika kutoka Japani. Chaja ya Marekani huwa ya volti 120, ya Japani volti 100, na soketi zetu zina volti 230 au 240. Geuza chaja usome mstari wa umeme unaoingia kabla ya kuichomeka. Ikiwa imeandikwa 100–240V, hakuna shida. Ikiwa ni 100 au 120 peke yake, itaungua, na ikiungua vibaya inaweza kuipeleka volti isiyotakiwa moja kwa moja kwenye betri. Jenereta ndogo za saiti nazo zina umeme unaopanda na kushuka, na baadhi ya watengenezaji wanakataza waziwazi kuchajia kwenye jenereta. Na umeme ukikatika, chomoa chaja, uirudishe dakika chache baada ya umeme kurudi na kutulia.

Jambo ninalolipinga kwa nguvu zote ni kuishtua betri iliyokufa. Betri imekaa miezi ikaisha kabisa, chaja inaikataa, basi fundi anachukua betri nzima, anaunganisha kwa waya chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, dakika mbili, na chaja inakubali. Inaonekana ni ufundi. Lakini seli ikishuka chini ya volti 2 hivi na kukaa hapo, shaba ya ndani huanza kuyeyuka kwenye majimaji ya seli. Ukiirudishia chaji, shaba hiyo hujishika upya ovyo na kujenga vijidaraja kati ya chanya na hasi. Seli hiyo inaweza kufanya kazi wiki kadhaa, kisha ikawaka usiku ikiwa kwenye chaja, nyumba nzima imelala. Chaja ilipoikataa ilikuwa na sababu.

Vivyo hivyo kwa betri zinazofufuliwa kwa seli za kompyuta mpakato. Kwa macho seli ni zilezile, 18650 kwa 18650. Ila seli ya kompyuta imetengenezwa kutoa ampea chache kwa utulivu, na seli ya mashine imetengenezwa kutoa ampea 20 au 30. Ukiipa seli ya kompyuta kazi ya grinda, itachemka. Anayekarabati betri kwa uaminifu hutumia seli mpya za mkondo mkubwa, za aina moja na uwezo mmoja, huziunganisha kwa mashine ya kulehemu kwa nukta na si kwa risasi iliyoyeyushwa inayopika seli, na huirudisha saketi ya ulinzi mahali pake. Muulize hayo kabla hujamlipa. Na epuka vile viunganishi vya kuifanya betri ya kampuni moja iingie kwenye mashine ya kampuni nyingine. Kwa baadhi ya watengenezaji, kinachokata umeme betri inapokaribia kuisha kimo ndani ya mashine, kwa hiyo ukibadilisha mashine unaondoa mlinzi, na betri itanyonywa mpaka sifuri.

Usisubiri betri ya mashine ivimbe kama ya simu ndipo uitilie shaka, kwa kuwa mikebe ya chuma haivimbi kirahisi. Dalili zake ni ganda lililolainika au kupinda, harufu ya kemikali yenye utamu fulani, majimaji kwenye ncha, betri inayopata moto ikiwa imekaa tu, au iliyoanguka kutoka juu na kuanza kuisha haraka. Betri ya namna hiyo itolewe nje, mbali na ukuta na vitu vinavyowaka, wala isichajiwe tena. Ikianza kufoka moshi, usiishike. Zima umeme kwenye swichi kuu, watoe watu, mwaga maji mengi ukiwa mbali, kwa sababu kinachohitajika ni kupoza: unga wa kizima moto huua ndimi za moto lakini seli hubaki za moto na zinaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa. Moshi wake una gesi ya floridi ya haidrojeni inayounguza mapafu, hivyo chumba kikijaa moshi, toka na upige simu zimamoto, 114 kwa Tanzania, 999 kwa Kenya.

Wanaofuata mashine Dubai au Guangzhou wazidishe volti kwa Ah kabla ya kufunga mizigo. Betri ya volti 18 na Ah 5 ina wati-saa 90, chini ya kikomo cha 100 kinachoruhusiwa ndani ya ndege bila kibali. Betri za akiba zisizo kwenye mashine hukaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini.

Betri iliyokufa moja kwa moja isitupwe jalalani wala kuchomwa na takataka. Ndani yake bado kuna chaji ya kutosha kuliwasha moto lori la taka. Funika ncha zake kwa tepu ya umeme, iweke kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga, nje ya nyumba, hadi upate pa kuipeleka. Nairobi kuna WEEE Centre, na Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve huko Bugesera, vyote vikishughulika na taka za kielektroniki. Kwingineko, anza kwa kumuuliza aliyekuuzia kama anapokea betri za zamani, na muulize siku unayonunua mpya, wakati bado anaitaka pesa yako.