Nywila ya Mwanafunzi I Mikononi mwa Nani?

Yeyote afuatiliaye hotuba za viongozi wetu kuhusu teknolojia bila shaka ameizoea hesabu yao. Hutajwa idadi ya laini za simu zilizosajiliwa, urefu wa nyaya za mkonga zilizotandazwa ardhini na wingi wa huduma za serikali zilizohamishiwa mtandaoni, kisha hadhira huambiwa kwamba Kenya imekwisha kuvuka. Siibezi hesabu hiyo. Mimi hupata riziki yangu kwa kutunga programu za tarakilishi na za simu, na bila nyaya hizo nisingekuwa na kazi. Lakini ipo hesabu nyingine. Sensa ya mwaka 2019 ilibainisha kwamba miongoni mwa watu wa umri wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 47.3 walikuwa na simu ya mkononi, asilimia 22.6 walitumia intaneti na asilimia 10.4 walitumia tarakilishi. Kweli, hesabu hiyo iliwajumuisha watoto wadogo, na miaka imepita tangu ichukuliwe. Hata hivyo, si pengo hilo linalonikosesha usingizi. Kinachonishughulisha ni hao hao waliohesabiwa kuwa watumiaji, kwa maana hawatumii mtandao kwa namna tunayodhani sisi tunaoutengeneza.

Mtunzi wa programu, akiketi mbele ya kiwambo chake, humchora akilini mtu mmoja. Mtu huyo ana simu yake, laini iliyosajiliwa kwa jina lake, anwani ya baruapepe aisomayo kila siku, na nywila aijuaye yeye peke yake. Karibu kila mfumo tunaoukuta mtandaoni umesimamishwa juu ya mabega ya kiumbe huyo. Nywila ikisahaulika, mfumo hutuma kiungo kwenye baruapepe yake. Ukitaka kuhakikisha kwamba ni yeye, hutuma tarakimu kwenye simu yake na kumpa dakika chache za kuziandika. Ni utaratibu safi, wala sina kinyongo nao. Ila mtu huyo, msomaji mpendwa, ukimtafuta katika maboma yetu hutampata kwa urahisi.

Utakachokipata ni simu moja yenye intaneti, ambayo leo i kwa mama, kesho kwa kaka mkubwa aliyeinunulia bando, na jioni imo mikononi mwa mtoto anayetafuta jibu la kazi ya ziada. Utapata na simu ndogo ya tochi, ile tuliyoibandika jina la mulika mwizi, ambayo haijui intaneti ila hupokea ujumbe na pesa. Na utampata mtu wa tatu ambaye hayumo kwenye michoro yetu kabisa, yaani mhudumu wa saiba.

Huyu ndiye nguzo ya serikali ya mtandaoni nchini, ingawa hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo. Kibanda chake kina tarakilishi tatu au nne, printa, mashine ya kunakili karatasi na bango ukutani lenye orodha ya huduma: kurejesha hesabu za kodi, cheti cha maadili mema, leseni ya udereva, mkopo wa elimu ya juu, kuomba nafasi ya chuo. Ifikapo mwishoni mwa Juni, siku za mwisho za kurejesha hesabu za kodi, foleni hujipinda hadi barabarani. Humo utawakuta walimu wa shule za upili, watu wenye shahada, wakiwa wameshika fomu za P9, wakingoja kijana wa miaka ishirini na mitatu awajazie. Siwacheki. Fomu zenyewe zimeandikwa Kiingereza cha wahasibu, na asiyezijaza ila mara moja kwa mwaka hawezi kulaumiwa kwa kutozizoea.

Sasa mtazame kijana huyo akifanya kazi. Mteja hana baruapepe, naye humfungulia moja papo hapo. Nywila lazima iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama, basi hutumia ile ile aliyowafungulia wengine kumi asubuhi hiyo, ili asiisahau. Mfumo unataka nambari ya simu ya kuthibitisha, na simu ya mteja imezimika au imebaki nyumbani, basi huweka yake mwenyewe. Kisha huandika yote katika daftari la kurasa mia moja na ishirini na nane: jina, nambari ya kitambulisho, anwani, nywila. Daftari hilo halitunzwi kwa hila. Hutunzwa kwa sababu mteja yule yule atarudi mwakani akiwa hakumbuki lolote, na asiyekuwa na daftari atapoteza mteja. Sheria ya Kulinda Data tuliipata mwaka 2019, ila sidhani kwamba waliokuwa wakiiandika waliwahi kulifunua daftari la saiba.

Anayeumia zaidi katika mpango huu ni mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne. Kisheria, laini ya simu ya mtoto husajiliwa kupitia kwa mzazi au mlezi, na kitambulisho cha taifa hupatikana baada ya kutimiza miaka kumi na minane. Kwa hivyo msichana wa miaka kumi na saba aliyefaulu mtihani wake huanza maisha ya utu uzima kwa kuomba nafasi ya chuo mtandaoni, pahali panapomtaka awe na kila kitu ambacho bado hana. Tuseme amekwenda saiba ya sokoni na shangazi yake. Anwani imefunguliwa na mhudumu, nambari iliyowekwa ni ya mhudumu, na karatasi yenye nywila imekunjwa ikatiwa ndani ya Biblia au mkoba wa shangazi. Nafasi ya chuo imepatikana, kukawa na vigelegele. Miezi michache baadaye anahitaji kuomba mkopo, naye yuko Eldoret. Saiba imehama. Mhudumu amepata kibarua mjini na kubadilisha laini, na kampuni za simu hugawa upya nambari zilizolala muda mrefu. Tarakimu za kuthibitisha zinatumwa kwa mgeni asiyejua zatoka wapi, ilhali tarehe ya mwisho ya kuomba mkopo inakaribia. Huyu hakushindwa masomo wala hakukosa intaneti. Kilichomzuia ni kutokuwa na ufunguo wa mlango ulioandikwa jina lake.

Kwa miaka mingi tuliaminishwa kwamba kizuizi chetu ni waya. Intaneti ilipoanza kupatikana humu nchini mwaka 1995, ilipitia njia nyembamba na ghali, nasi tuliendelea kutegemea setilaiti hadi nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009. Bei zilishuka, kasi ikapanda, na sina haja ya kulisimulia jambo hilo zaidi kwa kuwa limesimuliwa vya kutosha. Ninalotaka kulitaja ni kwamba miaka miwili kabla ya nyaya hizo kufika, Wakenya walikuwa wamekwisha kuikumbatia teknolojia moja kwa mikono miwili, tena bila intaneti.

Nazungumzia M-Pesa, nayo nina sababu ya kuichambua kama mtu wa programu, si kama msifu. Majaribio yake yalianza mwaka 2005 kwa wateja wa Faulu Kenya, na kusudi lilikuwa dogo: mtu alipe mkopo wake kwa simu. Watu walioshirikishwa wakaanza kuigeuza. Walitumiana pesa wao kwa wao. Wengine waliweka fedha kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasiibiwe njiani. Waliokuwa wakisimamia majaribio walikuwa na busara ya kutazama badala ya kukemea, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando, pakabaki jambo moja: kutuma pesa nyumbani.

Lakini siri ya mfumo ule, kwa maoni yangu, i katika nafasi aliyopewa wakala. Watunzi wake hawakudhani kwamba mteja atakuwa peke yake. Walijua kwamba ng'ambo ya meza atakuwako mtu mwingine, nao wakamwandikia kazi yake. Wakala ana nambari yake, tofauti na ya mteja. Mteja akitoa pesa, nambari ya siri huibonyeza kwenye simu yake mwenyewe, wala wakala hana haja ya kuiona. Wakala hukagua kitambulisho. Ujumbe huwafikia wote wawili, kila mmoja kwa simu yake, hata pakizuka ugomvi pana ushahidi. Wapo wazee wanaomtajia wakala nambari yao ya siri kwa sauti mbele ya foleni, hilo silikatai. Hata hivyo mfumo haukuwalazimisha.

Linganisha hayo na mifumo mingi ya umma, ambamo mwenye kusaidia hana mlango wake. Kwa kuwa hana mlango, hupitia dirishani: huvaa jina la mteja na kuingia kana kwamba ndiye yeye. Mfumo ukiulizwa ni nani aliyeijaza fomu, utajibu kwamba ni mwenyewe. Ni uongo ulioshonwa ndani ya programu, nasi tulioshika sindano tunajua.

Shuleni hali ni iyo hiyo. Mradi wa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza ulianza kugawa vifaa mwaka 2016, navyo vikapita milioni moja. Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu vilivyofungiwa stoo, kwa hivyo sitayarudia. Lisilosemwa sana ni mzigo uliokuja baadaye kimyakimya: takwimu za wanafunzi za kuingizwa mtandaoni, alama za tathmini za kupakiwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, taarifa za walimu wenyewe. Katika shule nyingi kazi hiyo humwangukia mwalimu mmoja, mara nyingi mwenye umri mdogo kuliko wote, ambaye husemekana kuwa "anazijua". Huyo ndiye aliye na nywila ya mwalimu mkuu, ya naibu wake na ya nusu ya wenzake, na hukesha usiku wa manane kwa sababu mchana tovuti huelemewa. Akihamishwa, shule hubaki kama nyumba ambayo mpangaji ameondoka na funguo.

Wapo watakaonijibu kwamba dawa ni kumfundisha kila mtu ajitegemee. Sina ubishi na elimu. Kwenye ukurasa huu unaosomwa na walimu itakuwa utovu wa adabu kuipinga. Ila tukumbuke kwamba msaidizi si ugeni kwetu. Kwa miongo mingi wapiga chapa waliketi na taipureta zao chini ya miavuli nje ya ofisi za wakuu wa wilaya, wakiwaandikia wananchi barua za maombi. Waliojua kusoma pia waliwaendea, kwa kuwa barua rasmi ina mtindo wake. Tofauti ni kwamba mpiga chapa alikukabidhi barua yako, ukatia sahihi yako, ukaondoka nayo. Hakubaki na mkono wako dukani kwake.

Kiufundi, marekebisho ninayoyaona si makubwa. Mhudumu wa saiba asajiliwe apate akaunti yake. Mteja amruhusu kwa kujibu ujumbe kwenye simu yake, hata ya tochi, na ruhusa hiyo iishe siku hiyo hiyo. Kumbukumbu ioneshe nani alijaza na nani aliidhinisha. Mtu aliyepoteza baruapepe na laini pia awe na pahali pa kwenda na kitambulisho chake apewe ufunguo mpya. Vituo vya Huduma tumekuwa navyo tangu mwaka 2013. Fomu ihifadhi kilichokwisha kujazwa bando likikatika. Na lugha iwe Kiswahili kwa anayekitaka, kwa sababu Katiba ya 2010 ilikifanya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hapa nikiri kwamba Kiswahili hututoa jasho sisi watunzi. Huduma zinazopigwa kwa nyota na alama ya reli, zile zisizohitaji intaneti, hutupa nafasi ya herufi 182 tu kwa kila ukurasa, na maneno yetu ni marefu. Lakini ni afadhali jasho hilo kuliko mabishano yasiyokwisha kuhusu iwapo tuseme tarakilishi au kompyuta, yanayoendelea huku mwananchi akitazama kitufe cha Kiingereza asijue kama kitaifuta fomu yake au kuituma.

Hayo yatangoja wenye mamlaka. Lililo karibu zaidi limo mikononi mwa walimu wa kidato cha nne, nalo ni kipindi kimoja cha dakika arobaini, au viwili, kabla ya watahiniwa kutawanyika kwenda makwao. Kila mmoja ajifungulie anwani ya baruapepe kwa jina lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, na aweke kama nambari ya kujiokoa laini ya mzazi ambayo ana hakika haitabadilishwa hivi karibuni. Shule isiyo na maabara inaweza kutumia simu mbili tatu za walimu zikizungushwa darasani, ila mwalimu ahakikishe kila mtoto ametoka kwenye akaunti yake kabla ya kumpisha mwenzake. Na nywila kila mmoja aibuni mwenyewe, aiandike kwa mkono wake, katika daftari lake.