Usikivu mkali wa sauti kwa watoto wenye usonji

Usikivu mkali wa sauti (kitaalamu: haipakusisi) ni hali ambayo sauti za kawaida, zisizowasumbua watu wengine, humletea mtu karaha, hofu au hata maumivu. Inaweza kumpata yeyote, lakini huonekana zaidi kwa watoto wenye usonji. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, unautaja mwitikio usio wa kawaida kwa sauti, mwanga au mguso kati ya dalili za kutambulia usonji.

Dalili

Mtoto huziba masikio kwa viganja, hulia, hukimbia au hujificha. Wengine hujipiga au humpiga aliye karibu. Sauti za ghafla ndizo mbaya zaidi: kengele ya shule, honi, blenda, puto linalopasuka, kilio cha mtoto mchanga. Baada ya muda mtoto huanza kuogopa hata mahali palipotokea sauti hiyo, akakataa kuingia jikoni au darasani.

Kinachowachanganya wazazi ni kwamba mtoto huyohuyo anaweza kupiga sufuria kwa kijiko saa nzima, na asigeuke anapoitwa jina. Ndiyo maana majirani, na hata walimu, humwona mtukutu au aliyedekezwa. Leo Kanner, daktari wa Baltimore nchini Marekani aliyeeleza usonji mwaka 1943 kutokana na watoto 11, aliliona jambo hilo: watoto hao walitishwa na mashine ya kufyonza vumbi, lakini kelele walizozifanya wenyewe ziliwafurahisha. Sauti anayoitoa mwenyewe, mtoto anajua itaanza lini na itaisha lini.

Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Marekani ambaye mwenyewe ana usonji, amelinganisha kengele ya shule yake na keekee ya daktari wa meno inapogusa mshipa wa fahamu.

Sababu

Kwa kawaida sikio lenyewe ni zima. Tofauti iko katika namna ubongo unavyoipokea sauti. Ubongo wa watu wengi huzoea kelele inayojirudia na kuacha kuijali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwasikilizisha vijana wenye usonji kelele za magari huku wakipigwa picha za ubongo. Kwa wale wenye usikivu mkali, amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, iliendelea kuitikia kwa nguvu badala ya kutulia.

Msaada

Hatua ya kwanza ni kupima usikivu na kuchunguza masikio. Mtoto asiyeweza kusema huenda anaumwa na uambukizo wa sikio la kati, ambao unatibika. Hakuna dawa inayojulikana ya kuondoa usikivu mkali wenyewe.

Nyumbani na shuleni mabadiliko madogo husaidia sana: kumwambia mtoto kabla ya kuwasha mashine, kumkalisha mbali na kengele, kufunga mpira kwenye miguu ya viti, kumpa kona tulivu ya kukimbilia. Vikinga masikio kama vya mafundi hufaa sokoni au harusini. Lakini vikivaliwa kutwa, masikio huzoea ukimya na sauti za kawaida zikazidi kutisha.

Wataalamu wa tiba kazi na wa saikolojia hutumia pia njia ya kuzoesha polepole. Sauti inayoogopwa hurekodiwa, kisha mtoto huisikiliza ikiwa ndogo mno, akiwa anacheza, na yeye ndiye anayeshika kitufe cha kuizima. Kumlazimisha akae kwenye kelele "ili azoee" ni jambo jingine kabisa, na huongeza hofu.

Mafunzo ya masikio

Guy Bérard, daktari wa Ufaransa, alibuni mafunzo ambamo mtoto husikiliza muziki uliobadilishwa kwa mashine, nusu saa mara mbili kwa siku, kwa siku 10. Yalivuma baada ya mwaka 1991, mama mmoja Mmarekani, Annabel Stehli, alipochapisha kitabu kuhusu binti yake. Mwaka 1998 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitamka kwamba ushahidi wa kuyapendekeza haukutosha, na mapitio ya tafiti yaliyofanywa baadaye na mtandao wa Cochrane hayakubadili hukumu hiyo.

Hata hivyo wazazi wengi hushuhudia kwamba mtoto wao alipata nafuu, wala hawasemi uongo. Usikivu huu hupanda na kushuka, na kwa baadhi ya watoto hupungua kadiri wanavyokua. Mzazi naye hutafuta tiba wakati hali imefikia kilele, kwa hiyo nafuu ambayo ingekuja yenyewe huhesabiwa kuwa kazi ya tiba iliyolipiwa. Kwa sababu hiyo tafiti nzuri huwa na kundi la pili la watoto, wanaosikiliza muziki wa kawaida kwa muda uleule.